Zamu Yako ya Kuvaa Mkia

Ngave mwanangu,

Usiifungue barua hii hapa nyumbani. Ukiisoma hapa utatoka chumbani kunibishia kabla hujafika mwisho, nami nitakujibu, na tutarudi palepale tulipokwama Jumapili. Isome kesho asubuhi, gari likiwa limeshauacha mji na wenzako wameanza kuchoka kuimba. Nimeiweka ndani ya kile kitenge cha bluu ulichosema hukibebi kwa sababu kimezeeka. Ni kweli kimezeeka. Nimekitia kwenye begi hata hivyo.

Sasa hivi uko kwenye ukumbi wa parokia kwa mazoezi ya mwisho, mvua inapiga mabati, na baba yako anatengeneza redio ambayo haijaharibika ili asiniulize ninaandika nini. Nimekaa kwenye meza yangu ya kusahihishia. Nimechagua kalamu ya bluu, maana ile nyekundu ingeanza kukukata maksi kabla sijakusalimu.

Sitakuandikia habari za sweta, chandarua wala maji ya kuchemsha. Hayo nimeyasema mpaka baba yako anayajua kwa moyo, na yeye haendi popote. Nataka tuzungumze juu ya Kameza, kwa sababu unaondoka kesho na hujapata baraka yangu, na mimi sina raha tangu uliponiambia kwamba utaenda hata bila hiyo baraka.

Ngoja kwanza niusimulie mchezo wenu jinsi ninavyouelewa mimi. Nikipotea, nisahihishe huko huko kwenye gari. Kuna mnyama anaitwa Kameza. Ana mkia mrefu wa matambara na tumbo la gunia, na kazi yake ni kumeza sauti za watu wazima. Akipita kijijini, mama anafungua mdomo ambembeleze mtoto wake na hakitoki kitu. Watoto wa vijiji vitano wanakutana njiani wakitafuta sauti za wazazi wao. Kila mmoja ana lugha yake, hawaelewani, wanagombania hadi kivuli. Mwisho wanagundua kwamba Kameza ni mkali kwa kila kitu isipokuwa kubembelezwa. Wanamwimbia nyimbo za kulaza watoto, moja kwa Kialur, moja kwa Kibira, moja kwa Kinande, moja kwa Kinyali na moja kwa Kilendu, na kwa kila wimbo anasinzia kidogo, na sauti za kijiji kimoja zinamtoka tumboni. Mlipotuonyesha mara ya kwanza nilikaa nyuma ya nguzo. Uliniuliza kwa nini, nikasema pale kuna hewa. Hewa gani! Nilikuwa nalia, basi.

Mko watano, na mkia mnapokezana. Aliyeuvaa, wimbo wa kwao unaimbwa na wenzake, kwa hiyo kila mmoja wenu amelazimika kujifunza nyimbo za wote. Na Papa Unen, anayewaongoza, ana sheria moja ambayo haibadiliki. Alitueleza sisi wazazi siku alipotuita: "Mugeni hawezi kuwa nyama mubaya. Kila pahali tutafika, Kameza iko mutoto ya pale pale. Mahagi, ni Mualur atavaa mukia. Komanda, ni Mubira. Batu ya pale baone mutoto yabo ndiye anameza." Wazazi tukapiga makofi. Ni rahisi kuipigia makofi sheria ambayo bado haijabisha hodi kwako.

Ikabisha. Onyesho la kwanza ni Nizi, na kati yenu watano mtoto wa Nizi ni wewe peke yako.

Jumapili baba mdogo wako Lobo alikuja kutoka kanisani na njaa yake kama kawaida, na ulipomwambia habari hiyo kwa furaha, aliweka tonge chini. "Mutoto ya kwetu avae mukia mbele ya batu ya kwetu? Vile batu balituchekelea haiyatosha?" Nami, badala ya kumwambia ale chakula kinapoa, nilimuunga mkono. Nilisema uende kwa Papa Unen akubadilishie. Nilisema watu wa Nizi wananikumbuka, wamepitia mengi, hawajakuona tangu ukiwa mtoto, na sitaki siku watakayokuona waone mtu amevaa gunia anatambaa.

Uliniangalia sana. Kisha ukasema polepole: "Mama, kama siye hatuvae, nani atavaa? Bale bengine?"

Nikakuambia unyamaze. Ukanyamaza mpaka ulipofika mlangoni, na hapo ndipo uliposema utacheza, na kwamba kama baraka haiko, utaenda bila baraka. Lobo aliacha kula kabisa. Unamjua baba mdogo wako. Hilo si jambo dogo.

Sasa, swali lako halikuondoka ulipoondoka wewe. Lilibaki pale mezani na sahani. Nililikasirikia, nikaosha vyombo kwa kelele, nikaenda kulala, nikaamka nalo. Maana niliwahi kulijibu swali hilo, zamani, kwa matendo yangu, na jibu langu lilikuwa: ndiyo, wale wengine.

Wewe ulikuwa mdogo, sijui unakumbuka nini cha shule yetu ya Nizi. Huenda unakumbuka siku ya proklamasio, mwisho wa mwaka, matokeo yakisomwa mbele ya wazazi na kila mama ameficha kopo la poda ndani ya kitenge, tayari kummwagia mwanawe kichwani akisikia amepita. Kabla ya matokeo kulikuwa na mchezo, na mchezo ulikuwa mali yangu. Walimu wengine waliniachia kwa sababu walijua nikinyimwa nitanuna hadi Krismasi. Mwaka ule nilitunga hadithi ya mwizi wa mbuzi. Anamficha mbuzi ndani ya koti, anapita mbele ya chifu, anasalimia kwa adabu zote, na mbuzi analia. Nilijiona bingwa wa watunzi wa dunia.

Mwizi alikuwa Dieumerci, mvulana wa mwaka wa tano. Kabila lake silitaji. Najua utakasirika, utasema mama anaficha mambo, lakini ukishalijua utaanza kuisoma hadithi kwa jicho lingine, na mimi nataka uisome kwa jicho ulilonalo. Jua tu kwamba hakuwa wa kwetu, kwamba watu wao walikuwa wachache pale mtaani, walioletwa na machimbo, na kwamba tuliongea nao lugha moja tangu babu zetu na bado baadaye tukapata njia ya kutoelewana.

Huyo mtoto alijua kucheza. Alimfanya mbuzi alie ndani ya koti bila yeye kufungua mdomo. Watu walicheka mpaka poda zikamwagika kabla ya wakati wake. Ndipo mwanaume mmoja wa benchi la mbele akasema kwa sauti: "Uyu hawakumufundisha hata kidogo. Iko mu damu yao." Benchi zima likaangua kicheko.

Nami nilicheka, Ngave. Sikucheka kwa kukubaliana naye. Nilicheka kwa sababu mkurugenzi wa shule alikuwa ananishika mkono kunipongeza, furaha ilikuwa imenijaa, na sikutaka mtu aipunguze. Dieumerci alikuwa bado amesimama mbele na koti lake, akisubiri kuinama kama nilivyomfundisha, na alitabasamu kwa sababu mwalimu wake anacheka.

Kesho yake mama yake alikuja shuleni. Hakuja na kelele. Kama angekuja na kelele ningejua la kufanya, kelele nazijua.

"Madame, juu ya nini kila mara ni mutoto wangu?"

Nikamjibu haraka: "Kwa sababu ndiye anacheza vizuri kuliko wote." Na ilikuwa kweli tupu.

"Na wa kwako alicheza nini?"

Wewe ulikuwa binti wa chifu. Ulikaa juu ya kiti na taji la karatasi ya dhahabu, na hukuwa na neno hata moja la kusema. Mama Dieumerci aliliona jibu usoni mwangu, akaniaga kwa heshima, na tangu siku hiyo mwanawe hakurudi kwenye mazoezi yangu.

Vita vilivyofuata huko kwetu Djugu unavijua, ulikuwa umeshakua kiasi. Tulikimbia, baba yako amebeba godoro kichwani na mimi nimebeba kengele ya shule, hata leo sijui kwa nini. Tulifika Bunia, na Mama Dieumerci naye akafika, kwa njia nyingine na kwa woga uleule. Anauza sombe sokoni, majani ya muhogo yakitwangwa nyuma yake, upande wa wauza unga wa mahindi. Tumeonana miaka yote hii. Tunasalimiana, tunalaumu bei, tunaulizana afya, kila mmoja anaenda zake. Nilizoea kuiita hiyo amani. Kumbe ilikuwa ni mimi tu ninayemkimbia mtu huku nimesimama mbele yake.

Jumanne nilikwenda kumwona. Nilisimama mbele ya meza yake nikashindwa kuanza, basi nikanunua sombe. Akapima, nikaomba aongeze. Akaongeza, nikaomba aongeze tena. Ulilalamika kwamba wiki hii tumekula sombe mpaka tumegeuka rangi. Sasa umejua sababu. Mwisho alishusha kikombe chake.

"Madame, nyumbani muko na wageni?"

"Hapana."

"Sasa sombe yote hii ni ya nani?"

Nikamwambia, nikiwa nimeshika mfuko wa sombe kama mjinga: "Mama Dieumerci, nimekuja juu ya ile teatre ya Nizi."

Msichana aliyekuwa akitwanga nyuma yake aliendelea kutwanga. Yeye alifuta mikono, akanisogezea kigoda. "Ile ya mwizi wa mbuzi?"

"Ile."

Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimeuandaa njiani, kwa Kiswahili cha shuleni, na sentensi zake zote. Ulitoka vipandevipande. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akacheka, Ngave! Alicheka kwa kushika goti.

"Madame, nitakuambia kitu. Miye nilikasirika, ni kweli kabisa. Lakini Dieumerci alilia sana juu ya vile nilimutoa mu teatre yako. Alikataa kula. Alinisemea: Mama, mwizi ndiye batu bote banaangalia. Ile role aliipenda kupita Noeli."

Nilikaa pale kigodani. Miaka yote nilikuwa nimebeba mtoto aliyeaibishwa na nafasi ya mwizi, na mtoto huyo hakuwako. Nikamuuliza: "Mbona hukuniambia?"

"Haukuniuliza. Ulinijibu tu."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema huku akifukuza nzi kwenye sombe. Kisha akaendelea: "Kuwa mwizi haiko mubaya. Mutu anacheza, anavua koti, anakwenda kula. Kile kiliniuma ni kuona mwaka wa tatu mutoto wangu iko mwizi, mwaka wa ine iko mulevi, mwaka wa tano iko mwizi tena. Hata mara moya haukumupatia kuwa chifu. Batoto bengine banapokelana, yeye iko peke yake. Mbele ya macho ya batu, ile koti ikakamata ngozi."

Nilimweleza basi habari zako, na sheria ya Papa Unen, na Jumapili. Nilidhani atanionea huruma. Alitikisa kichwa tu. "Mutoto wako iko na bahati. Iko na benzake ya kupokelana. Umuachie acheze." Nikauliza habari za Dieumerci. Yuko Mongbwalu, anachimba, ameoa, ana mtoto mmoja. Jioni, anasema, humchekesha huyo mtoto kwa sauti ya mbuzi aliye ndani ya koti. Wakati wa kuondoka hakutaka kupokea pesa ya kile kikombe cha mwisho, tukashikana mikono muda mrefu, na mara hii hatukulaumu bei.

Ndiyo hayo. Kwa hiyo ulisema kweli, na mimi niliyekufundisha kusoma nilikuambia unyamaze. Unisamehe. Nenda Nizi ukavae mkia. Baraka yangu iko nawe, yote, hakuna nusu niliyobakiza. Lobo akinuna, mwache anune. Akipata njaa ataacha.

Ningeweza kuishia hapa, lakini mvua bado inanyesha na nyinyi hamjarudi, na mwalimu akiona karatasi ina nafasi hawezi kuiacha.

Nikufikirie Nizi basi. Nimesoma nyuso za wanafunzi maisha yangu yote, hili nalijua. Wale wadogo wa mbele wataanza kulia Kameza akitokea, na mwalimu wao atataka kuwanyamazisha kwa fimbo ya macho. Usipunguze ukali kwa ajili yao. Mtoto hapendi kuogopeshwa nusunusu, anaona umemdharau. Ila mchezo ukiisha usikimbilie kunywa maji. Vua kichwa cha Kameza mbele yao, uwaachie waushike mkia, wauvute, waone jasho lako. Wale wakubwa wa nyuma watajifanya hawaangalii. Hao ndio wanaoangalia zaidi. Na mkurugenzi atatoa hotuba ndefu kuliko mchezo wenyewe. Mpigie makofi, ni haki yake, amekaa na shule bila madawati na hajaondoka.

Utapata pia watu watakaosema wewe ni mtoto wa Madame, wakushike mashavu, wakuulize nimenenepa au nimekonda. Waambie nimenenepa. Wengine hawatakusogelea. Wapo walioporwa kila kitu, na watakuona umekuja na ngoma na rangi usoni, waone kama unawachezea. Usiwaeleze amani. Wameshaelezwa amani na kila gari linalopita. Wewe meza sauti zao, halafu uzirudishe, kama mchezo unavyosema.

Na kama kwenye benchi la mbele atatokea mtu wa kusema neno kama lile, juu ya Furaha wenu wa Mahagi au juu ya yeyote mliyekuja naye, usicheke. Ndilo ninalokuomba kwa magoti. Nini cha kufanya badala ya kucheka, sijui, kwa sababu mimi sikufanya. Labda umsogelee umngurumie. Kameza ana ruhusa ya kungurumia watu wazima, ndiyo uzuri wa kuwa na mkia.

Kuna kosa lingine, hili ni la kuchekesha, nilikuwa sijakusimulia kwa sababu linanivunjia heshima. Nilipoanza kufundisha, shuleni kulikuwa na simboli. Ni kitu cha kuning'inizwa shingoni kwa mtoto aliyekamatwa akiongea lugha ya nyumbani badala ya Kifaransa. Anakivaa mpaka amkamate mwenzake. Ya darasa langu ilikuwa mfupa wa ng'ombe, na niliisimamia kwa bidii za kijana aliyetoka kupata kazi. Basi siku moja, katikati ya hesabu, nyigu akaingia kwenye mkono wa blauzi yangu. Mwanangu, sikupiga yowe kwa Kifaransa. Nilitoa maneno ya marehemu babu yangu, na mengine sikujua kama ninayajua. Kisha msichana mmoja mpole sana akasimama, akauvua mfupa shingoni mwake, akaniletea kwa mikono miwili. "Madame, pardon. Leo iko ya kwako."

Nikauvaa. Ningefanyaje? Sheria ilikuwa yangu. Niliuvaa mpaka saa ya kutoka, mkurugenzi akaniona uwanjani nao, na kesho yake mfupa ukapotea, na asiulizwe mtu ulikopotelea.

Ungedhani nilijifunza. Lakini tulipofika Bunia nilikulea kwa Kiswahili na Kifaransa tu. Niliona lugha ya nyumbani ni kitu cha kumfanya mtu ageuke sokoni na kutuuliza tumetoka upande gani. Niliogopa. Mpaka mwaka huu ukaja na swali: "Mama, wimbo gani ulinilazia?" Papa Unen anautaka kwa ajili ya mchezo. Nikakumbuka mstari mmoja, basi. Mingine uliipata kwa bibi yako kwa simu, umekaa kwenye ngazi, unarudia neno kwa neno, naye anakucheka matamshi huko aliko. Na mimi nimesimama mlangoni nikijifanya nachambua maharage. Yale maharage nilikuwa nimeshayachambua asubuhi.

Na Nizi hutauimba wewe, kwa sababu utakuwa na mkia. Utaimbwa na Furaha, Mualur, mbele ya wamama wa kwetu. Nimemsikia akiufanyia mazoezi. Anakosea mahali palepale unapokosea wewe, kwa hiyo najua nani alimfundisha. Wakati anauimba, wewe lala kweli. Usiigize usingizi. Kuwa Kameza anayebembelezwa na mtoto wa mbali kwa wimbo wa nyumbani kwake, ulale pale chini kwenye udongo wa Nizi, uone inakuwaje. Ukirudi utanieleza, na ninaahidi nitauliza kabla ya kujibu.

Kuhusu barabara sitakudanganya, naogopa. Papa Unen anasema kila asubuhi atauliza njia kabla ya kuwasha gari. Asubuhi atakayosema hatuendi, msimbishie, hata kama shule inasubiri na watoto wamevaa nguo safi. Kurudi si aibu. Mimi nilirudi kutoka njiani, pale Iga Barrière, mara mbili nikijaribu kwenda kuona nyumba yetu, na nyumba haijaenda popote kwa sababu hiyo.

Mtagombana humo garini. Watano, mvua, matope, gunia moja la unga: mtagombana. Mmoja atataka bugali kila siku, mwingine atalilia lituma yake ya ndizi za kuponda, mwingine atasema samaki wa wenzake wananuka. Usiwe mwamuzi. Una tabia ya mama yako ya kusimama katikati na kutoa hukumu kabla kesi haijaisha. Pika, au ule, au uende ukachote maji. Na Furaha akiimba kitu kwa Kialur wote wakacheka, usicheke kwa kujifanya umeelewa. Uliza. Nimepoteza miaka kwa kujifanya nimeelewa.

Naona mvua inapungua. Baba yako amemaliza kuiharibu redio. Anasema nikusalimie, kana kwamba hutakula naye jioni hii. Alikubali uende tangu siku ya kwanza, wewe mwenyewe ulimwona. Yeye hukubali kabla hajaulizwa, halafu huenda nyuma ya nyumba kuomba peke yake. Usimwambie kwamba nimekuambia.

Jambo la mwisho. Papa Unen ameniambia kwamba ziara yenu itamalizikia kwenye shule yangu hapa Bunia, na kwa kuwa wewe ulimalizia shule ya primeri hapo, kwa sheria yake mkia utakuwa wako tena. Leo asubuhi niliwaeleza watoto wa darasa langu. Niliwaambia watakuja wachezaji watano kutoka pande zote, na nikawasimulia mnyama mwenye tumbo la gunia. Wakaanza kupiga kelele, unawajua watoto wa mwaka wa tatu. Mmoja akadai Kameza anatoka kwa watu fulani, akawataja. Mwingine akasema hapana, nyama mubaya kama ile inatoka kwa watu wengine, naye akawataja. Wana miaka minane, Ngave, na majina hayo wameshayajua. Ndipo msichana wa benchi la kwanza akainua kidole: "Madame, Kameza ni nani?"

Nikasema: "Ni mutoto wangu."

Waliniangalia, wakaangaliana. Yule msichana akafikiri sana, kisha akasema, "Kama ni wa kwako, basi hatutamuogopa."

Nikamwambia: "Mumuogope. Anajua kazi yake."

Mama yako anayekungoja kwenye benchi la mbele.